Mke wangu anadhani nina mchepuko, kumbe nachezesha besiboli ya watoto

Shikamoo Shangazi. Naomba usinicheke kwanza, maana kila niliyemwambia hili jambo amecheka, hadi kaka yangu ambaye ndo nilitegemea atanielewa alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mi ni mwanaume wa miaka 41, niko Moshi, nauza mtumba pale Memorial, upande wa mashati na kofia. Nina mke na mabinti wawili, mkubwa ana 14 mdogo ana 10. Pombe si mtu wa pombe, mbege kidogo tukipanda mgombani kwenye shughuli basi. Mwanamke mwingine sina, naapa mbele za Mungu. Ila mke wangu anaamini ninaye, na nikikaa peke yangu nikaangalia ushahidi aliokusanya, Shangazi, hata mimi ningejifunga.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Kofia za NY nimeuza tangu 2009, we mwenyewe unazijua, kila konda kila boda anayo, mi nilikuwa najua ni jina la mji wa New York tu basi, sikujua kuwa ile ni timu, Yankees, na kwamba ni timu ya besiboli. Sasa miaka mitatu iliyopita akaja kibandani Mjapani mmoja, kijana wa kujitolea, alikuwa anafundisha hesabu shule moja huku upande wa Pasua. Nilikuwa na glavu moja kubwa ya ngozi ilitoka kwenye belo la viatu, sikujua ni ya nini nikawa naweka chenji humo. Yule kijana alivyoiona alishtuka kama mtu kakutana na ndugu yake stendi. Akamwaga sarafu zangu mezani taratibu, akaivaa, akaipiga ngumi katikati mara mbili, alafu akaniuliza bei. Nikamwambia niambie kwanza ni ya nini. Akasema njoo Jumamosi uone.

Nikaenda. Nikakuta watoto kama ishirini na kitu wa miaka 9 mpaka 12, marungu ya chuma ya kupigia manne, glavu hazitoshi wanaazimana, na kwenye kona za kukimbilia, zile wanaita besi, wameweka viatu vyao. Na kelele! Kila mpira ukirushwa wanagombana nusu saa, huyu anasema aut, yaani umetolewa, huyu anasema sefu, yaani umepona, Mjapani wa watu Kiswahili chake kilikuwa kinaishia kwenye asante na pole pole. Mi nikajikuta nimesimama katikati nawaamulia, sijui hata sheria ila ugomvi naujua maana nauza mtumba. Mechi ilivyoisha yule kijana akanipa mkono akasema wewe ni ampaya, yaani refa. Basi. Ndo nikaingia hivyo.

Saivi amesharudi kwao, timu imebaki na mwalimu mmoja wa kike wa hiyo shule, na mimi. Besi nimeshona kwa salfeti za belo nikajaza mchanga. Tumepima kwa tepu ya fundi, kutoka besi moja mpaka nyingine mita 18 na kidogo, mrushaji anasimama mita 14 kutoka kwa mpigaji, ndo vipimo vya watoto, wakubwa wanaenda mita 27 na mrushaji 18. Pale nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, nimechonga ubao wa pembe tano nikaupaka rangi nyeupe, upana sentimita 43.

Sasa Shangazi hapa ndo nataka unielewe maana hapa ndo kwenye kiini. Mi nasimama nyuma ya mdakaji, nimechuchumaa nusu, nimevaa maski ya vyuma na kizibao cha sponji nilichoshonewa na fundi cherehani jirani yangu kibandani. Mrushaji anarusha. Ule mpira lazima upite juu ya ubao, usizidi kwapa la mpigaji wala usishuke chini ya goti lake, ukipita hapo ni straiki, ukipita pembeni ni boli, straiki tatu umetoka, boli nne unatembea bure kwenda besi ya kwanza. Sasa watoto hawalingani, kuna wa miaka 12 ana miguu kama twiga na wa miaka 9 anafika kiunoni kwake, kwa hiyo kila mtoto anakuja na dirisha lake, na wewe una muda mdogo sana wa kuliona hilo dirisha na mpira umepita wapi. Yule Mjapani alinifundisha kitu kimoja tu kwa mwezi mzima, usiseme kabla mpira haujalala kwenye glavu. Uone mpaka mwisho, unyamaze kidogo, ndo useme. Mi nilikuwa mropokaji Shangazi, mtu wa sokoni lazima uwahi, mteja akigusa shati umeshataja bei. Kunyamaza nimejifunzia pale.

Alafu besi ya kwanza. Mkimbiaji anakuja mbio na mpira unakuja kwa yule anayelinda besi, macho yako hayawezi kuangalia sehemu mbili, kwa hiyo unaangalia mguu unagusa besi na mpira unausikiliza. Unausikiliza! Ukisikia pah kwenye ngozi kabla mguu haujagusa, aut. Mguu ukitangulia, sefu. Yaani uwanja mzima unapiga kelele, boda zinapita, kuna mama anaita ndizi ndizi, na wewe unatafuta sauti moja tu. Ukiipata moyo unatulia, siwezi kuelezea, ni kama unapofungua belo grade ya kwanza ukakuta halina doa. Hapana, zaidi ya hapo.

Kuna dogo mmoja mwembamba, mwaka mzima hajawahi kugusa mpira na rungu. Kila akija wenzake wanaguna. Siku hiyo akasimama tu, akaamua hapigi, mrushaji kachoka anarusha nje, boli moja, mbili, straiki, boli tatu, dogo anatetemeka naona magoti yake kwa nyuma, ya mwisho ikapita nje kidogo, kidogo sana, kama upana wa kidole. Nikanyamaza kwanza. Nikasema boli, nenda. Akaenda besi ya kwanza mbio kama kaiba, na wala hukimbii pale, unatembea tu. Alafu akageuka akaniuliza kwa sauti, refa nikae hapa? Nikamwambia kaa hapo baba, ni pako. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilikuwa napiga mluzi toka kwa daladala mpaka mlangoni.

Na huo mluzi ndo umeniponza.

Mke wangu anasema hakuna mwanaume anayerudi Jumamosi anapiga mluzi kwa ajili ya watoto wa watu. Alafu ushahidi wake huu hapa. Kila Ijumaa usiku napiga pasi shati, na mi sijawahi kupiga pasi toka tuoane. Mifukoni akifua anakuta kokoto, kwa sababu sina ile mashine ndogo ya kuhesabia nikawa nahamisha kokoto, mfuko wa kushoto straiki, wa kulia boli. Suruali inarudi na vumbi jekundu magotini, we fikiria mwanamke akiona vumbi magotini anawaza nini. Brashi ya viatu vya shule vya watoto inapotea kila Jumamosi asubuhi, naenda kufutia ubao, maana ampaya lazima afute ubao uonekane, unawapa mgongo wachezaji unainama unafuta, ni heshima ya kazi. Na la mwisho ndo limeua kabisa. Wiki tatu zilizopita simu ikaita nikiwa naoga akaichukua, ujumbe kutoka kwa yule mwalimu wa timu, umeandikwa hivi: Kesho saa mbili usiniangushe, vaa ile nyeusi.

Ile nyeusi ni fulana ya ampaya Shangazi! Tulikuwa na wageni wa timu ya Arusha!

Sasa kosa langu, nilipotoka bafuni akanisomea ule ujumbe, mi nikacheka. Nilicheka sana, nilishindwa kujizuia, na yeye hakuwa anacheka. Toka siku hiyo tunalala mzungu wa nne na chakula naletewa na binti mdogo. Nimejaribu kumwelezea habari za dirisha na sauti ya glavu kama nilivyokueleza wewe, nikaishia katikati, anasema mwanaume mzima unaacha kibanda Jumamosi siku watu wanashuka toka Machame na Marangu na Kibosho kuja kununua, unanibebesha mimi, unaenda kulipwa soda na maandazi mawili, kama si mwanamke ni nini. Sina jibu. Hela kweli hamna. Kwa mwaka mzima nimepewa soda, maandazi, na kalenda moja.

Nimefikiria kuacha. Ila nikifikiria Jumamosi nimekaa kibandani nauza kofia za NY na kule wale watoto wanagombana, nakosa raha. Yule Mjapani alituambia kabla hajaondoka kwamba 2012 watoto wa Lugazi, hapa hapa Uganda, walifika Marekani kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika, na hii habari wale madogo wameishika kama sala, kila wakigombana mmoja anasema Waganda hawakufika kwa kugombana. Nawaachaje? Niache au nimweleweshe vipi huyu mama?

Refa wa Jumamosi, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Umeniomba nisicheke na mimi nimeshacheka, kwenye ile nyeusi pale nilishindwa, nisamehe. Ila nimecheka kama mtu anayejua, kwa sababu miaka kumi na tisa nilikuwa mwalimu wa msingi huku Arusha na kila msimu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, nilikuwa nachezesha netiboli. Filimbi yangu ninayo mpaka leo, kamba imeoza ila yenyewe inalia. Kwa hiyo ile habari ya kutafuta sauti moja katikati ya kelele usinielezee sana, naijua, na ile furaha ya mtoto wa kike aliyeamini kwamba utamwonea alafu hukumwonea, akakuangalia, hiyo naijua na haiuzwi Memorial.

Sasa tuje kwako. Mi sidhani kama mkeo anaamini una mwanamke. Anaweza kuwa ameamini siku mbili tatu baada ya ule ujumbe, yeyote angeamini, hata mimi na uzee huu ningekufuata na mwiko. Lakini soma barua yako tena. Nimeisoma mara tatu. Umeniandikia aya nzima ya kwapa na goti, aya nzima ya mguu na sauti, dogo mwembamba nimemjua mpaka magoti yake. Mkeo je? Amekuja kwenye barua kama mpelelezi, anafua, anakagua, anasoma simu. Sehemu moja tu ndo nimemsikia yeye mwenyewe akiongea, pale aliposema unanibebesha mimi. Umeiandika hiyo sentensi ukaipita mbio kama yule dogo.

Jumamosi, kwa maneno yako mwenyewe, ndo siku watu wanashuka kutoka mlimani kununua. Nani anafungua kibanda? Nani anakata kamba za belo, anapanga, anagombana na wale wanaotaka shati tatu kwa bei ya moja, anakula mhogo wa kuchoma saa tisa kasimama? Yeye. Na nadhani wasichana wako wapo naye, wanasaidia. Alafu jioni unarudi wewe, fulana ya pasi, unapiga mluzi. Mwanangu, yule mama hana shida na furaha yako, shida ni kwamba yeye ndo anailipia na hajawahi kuonyeshwa ameilipia nini. Mwanamke mwingine ni jina tu alilolipata la kuita hicho kitu, maana kuna majina gani mengine? Angesema ananikosesha na kupumzika kwa sababu ya mpira wa rungu ungemsikiliza? Ungecheka. Si ulicheka.

Tuanze hapo hapo kwenye kucheka. Baada ya kupata barua yako nilikaa na kijana wangu mmoja anayeufuatilia huo mchezo, nikamwambia nitafutie refa wa besiboli aliyewahi kukosea vibaya. Akaniambia hiyo wala haitafutwi. Tarehe 2 Juni 2010, Detroit, mrushaji mmoja anaitwa Armando Galarraga alikuwa ametoa wapigaji 26 mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefika besi. Akitoa wa 27 mechi inaisha na yeye anaingia kwenye historia, maana mechi kama hiyo ni nadra, miaka mingi haitokei kabisa. Wa 27 akapiga mpira wa chini, ukadakwa, ukapelekwa besi ya kwanza, mkimbiaji aut kila mtu ameona. Refa wa besi ya kwanza, Jim Joyce, mzee wa kazi, akasema sefu. Uwanja ukalipuka. Baada ya mechi akaangalia marudio ya video akaona mwenyewe kwamba amekosea, na hakujitetea habari za alisimama wapi wala jua lilikuwa wapi, aliomba kuonana na yule kijana akamwambia nimekosea na akaomba radhi analia. Kesho yake Joyce ndo alikuwa refa wa nyuma ya mdakaji, na aliyetumwa kumletea orodha ya wachezaji alikuwa Galarraga huyo huyo, wakashikana mikono pale mbele ya watu wote, mzee anafuta machozi. Mi si mtu wa kulia kwa michezo ila kijana alinionyesha ile video nikajifanya nina mafua.

Nimekuletea hii kwa sababu moja. Joyce hakuanza kwa kuelezea sheria. Na wewe umejaribu kumaliza jambo la nyumbani kwa kuelezea sheria, mara dirisha, mara glavu, mara ubao sentimita 43. Mke ambaye amesoma ujumbe wa mwanamke anamwambia mumewe vaa ile nyeusi, alafu mume akaangua kicheko, huyo hahitaji kujua ubao una pembe ngapi. Anza na nilikosea kucheka. Nyamaza kidogo kama ulivyofundishwa. Usiweke lakini baada yake. Alafu mwachie aseme yeye, na akisema mambo ya Jumamosi na mzigo, usimkate hata kama anazidisha, maana atazidisha, wiki tatu za mzungu wa nne zina maneno mengi.

Kuhusu huyo mwalimu, hana kosa ila mwandiko wake una matatizo. Mwambie kuanzia sasa mambo ya timu aandike kwenye kundi la wazazi na walimu, na aandike mechi ni saa mbili, fulana nyeusi, basi, hayo ya usiniangushe amwandikie mtu wake. Alafu wakutane. Usipange kikao cha kumtambulisha kama mchumba, we siku moja mwalimu apite kibandani kununua kitu, wasalimiane, wanawake wawili wakiongea dakika kumi juu ya bei ya sketi za shule watakuwa wamemaliza kesi ambayo wewe ungeifikisha kwa wazee wa ukoo.

Sasa kuacha. Usiache. Na hili la kulipwa soda lisikufanye uinamishe kichwa, maana umeliandika kama kitu cha aibu. Huo mchezo wa watoto, Little League wenyewe wanavyouita, ulianza mji mdogo wa Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, na mpaka leo kwenye yale mashindano ya dunia ambayo Waganda walifika, yanayoonyeshwa na televisheni Marekani nzima, wale marefa unaowaona wamevaa vizuri pale ni watu wa kujitolea. Wana kazi zao huko makwao. Hawalipwi kama usivyolipwa wewe, tofauti maandazi yao sijui yakoje. Kwa hiyo mkeo akisema mwanaume mzima unalipwa soda, mwambie ndiyo nalipwa soda, ni kitu ninachokipenda, ila najua wewe ndo unanishikia kibanda. Hiyo sehemu ya pili ndo hujawahi kuisema.

Na uiseme kwa mikono pia. Mechi za watoto ni raundi sita, mkianza saa mbili asubuhi, watoto wasipogombana sana, saa nne na nusu mmemaliza. Sasa kwa nini unarudi jioni? Hukuniambia ila mi nimechezesha, najua, mnakaa mnaongea mechi mpaka jua linageuka. Hayo yaishe. Saa tano uwe kibandani umebadilisha fulana, mwambie yeye aende nyumbani apumzike au aende anakotaka, na usimuulize anaenda wapi. Belo lifunguliwe Ijumaa na wewe, muda huo huo unaopiga pasi. Na Jumamosi moja kwa mwezi usiende kabisa, wafundishe wale wakubwa wa sekondari wawili watatu wachezeshe, wakosee, wajifunze kunyamaza kama ulivyojifunza. Mi nilipostaafu hakukuwa na aliyejua kushika filimbi shuleni kwetu kwa sababu miaka yote nilikuwa naing'ang'ania mwenyewe, nilidhani ni bidii kumbe uchoyo. Mwaka uliofuata timu haikwenda popote.

Kuna kitu kingine nimekiona na wewe hujakiona. Una binti wa miaka 10. Watoto wanaocheza pale wana miaka 9 mpaka 12. Barua nzima hujasema kama huyo mtoto amewahi kukanyaga huo uwanja. Ndiye anayekuletea chakula siku hizi mlizonuniana, kwa hiyo yupo upande wako bado. Umewahi kumuuliza? Au besi za salfeti zimeshonwa nyumbani kwenu yeye anashika uzi alafu Jumamosi anabaki kupanga kofia? Simaanishi lazima acheze, labda hapendi hata kukimbia. Ila kama atapenda kusimama nyuma ya mdakaji na wewe ahesabu kokoto, mwachie. Mwezi wa nane 2025 kule Marekani mwanamke mmoja, Jen Pawol, alichezesha mechi za ligi kuu kwa mara ya kwanza toka hiyo ligi ianze, na hiyo ligi ina zaidi ya miaka 140. Kwa hiyo usije ukaniambia ni kazi ya kiume, na filimbi yangu ipo hapa mezani inakusikiliza.

Mkeo mlete siku moja, ila umlete kama mgeni usimlete kama shahidi. Usimsimamishe nyuma ya wavu ukawa unageuka kila mpira kumwangalia kama ameelewa. Mpe kiti, mpe kivuli, mbebee chai kwenye chupa, na mechi ikiisha usimuulize umeonaje. Anaweza asiupende. Marehemu mume wangu hakuwahi kuielewa netiboli hata siku moja, kila Jumamosi ya mashindano alikuwa ananisubiri nje ya uwanja na baiskeli yake anasoma gazeti, nikitoka ananiuliza umemaliza, nasema nimemaliza, tunapanda tunaondoka. Miaka kumi na tisa hakuwahi kujua nani alishinda. Na mimi sikuwahi kumuuliza kwenye gazeti kuna nini, maana alikuwa anasoma kurasa za mpira wa miguu tu na mi ule mpira unanichosha.

Sponji ya fundi cherehani hiyo iangalie, mpira wa besiboli ni mgumu na wale wa miaka 12 wanarusha kweli, tafuta kinga ya kifua ya maana, kwenye mabelo ya michezo hazikosekani, we si ndo uko sokoni. Mashine ya kuhesabia ukiikosa endelea na kokoto, ila zitoe mfukoni kabla ya kumpa mtu suruali afue.

Na ile brashi irudishe leo. Watoto wanaenda shule na viatu vya vumbi kwa sababu ubao wako lazima ung'ae? Nunua yako, za mkononi zipo kibao pale Mbuyuni, na ukinunua nunua mbili.

Shangazi